Mama, Mwaga Yale Mafuta ya Kondoo

Kitengela,
Jumatatu

Mama mpendwa,

Mulembe, Mama. Hapo nyumbani mko aje? Yale magoti bado yanakusumbua? Sisi huku tunaendelea, watoto wanasoma, vumbi ni lile lile. Mke wa ndugu yangu Simiyu akikusomea hii barua, mwambie aende polepole na asiruke neno hata likiwa baya.

Jumapili nilikupigia simu nikiwa na jambo. Kabla sijafungua mdomo ukaanza kunishukuru kwa mafuta ya kondoo, eti sukari imeshuka na unajisikia msichana. Nilishindwa, Mama. Nikasema Mungu ni mwema, nikakata simu. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilipoambiwa niko na sukari kama wewe, niliapa kuacha ugali, chapati, mkate, kila kitu. Sasa mtu wa kwetu akiacha ugali atashibaje? Hapo ndipo nilimwendea Baba Naserian, jirani yangu anayeuza mifugo soko la Bisil, akawa ananiletea mbavu za kondoo na mafuta ya mkia. Nikala nyama asubuhi na jioni, mafuta nikanywa kwa kikombe. Mboga nikasahau. Sukari ikateremka kweli, nikajiona daktari! Nikakuambia na wewe uache ugali, na Pasaka nikakutumia mkebe mzima wa hayo mafuta.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa napanda ngazi za hapa kwetu, orofa ya tatu tu, kifua kikanibana mpaka nikakaa chini, jasho baridi likinitoka. Mke wangu alinipeleka hospitali akilia njia yote. Wakanibandika waya kifuani, wakatoa damu. Daktari, mama mmoja mpole, akaniuliza nakula nini. Nikamweleza nikijisifu, hata pale kitandani.

"Sukari imeshuka, hiyo sikatai," akasema. "Lakini mafuta kwenye damu yamepanda sana, na moyo haupati damu vizuri. Kupunguza ugali hakukuwa kosa. Kosa ni kile uliweka mahali pake. Mtu wa sukari moyo wake uko hatarini tayari, na wewe ukauongezea mzigo."

Baba Naserian alipokuja kuniona nilimnunia, nakiri. Akacheka. "Wewe! Mimi nafuata ng'ombe tangu asubuhi mpaka jua lizame. Wewe unatoka kwa kiti unaingia kwa gari, unatoka kwa gari unarudi kwa kiti. Na hayo mafuta mimi nakunywa nikiwa mgonjwa ama kukiwa na sherehe. Nani alikuambia ni chai?"

Sasa nameza dawa za moyo. Nakula maharagwe, mboga za managu, samaki, na kipande cha ugali wa wimbi kama ngumi ya mtoto. Nimeanza kutembea jioni na mke wangu, polepole.

Lakini mimi siogopi juu yangu, naogopa juu yako. Simiyu aliniambia vile ulikataa ugali siku ya mahari ya mjukuu wako, mpaka wakwe wakafikiri umewadharau, nawe ukawajibu, "Mwanangu wa Kitengela amenikataza." Haki, Mama, nililia. Uko na umri mkubwa kuliko mimi, uko na presha, na hayo mafuta nilikutumia mimi kwa mkono wangu.

Mwaga huo mkebe. Usimpe jirani, usikaangie mboga, mwaga. Dawa za sukari na presha usiache hata siku moja. Halafu Simiyu akupeleke kliniki wakupime moyo, na uwaambie kila kitu ulichokula. Usinifichie aibu. Waambie ni mimi. Ugali urudi kiasi gani, wao ndio watasema. Na kifua kikikubana, msingoje kunipigia simu, nendeni hospitali hapo hapo.

Nisalimie Simiyu na mke wake, shangazi anayekaa nawe, na mchungaji wetu. Mwambie anikumbuke kwa maombi.

Mama, ugali umeula maisha yako yote. Nilikuambia mara moja tu kwa simu uache, ukaacha, hukuuliza hata kwa nini. Safari hii uliza. Muulize daktari, usiniulize mimi.

Ni mimi mwanao ambaye bado anakuhitaji,

Wafula