Magitaa Mawili Sokoni Morogoro

Baba yangu,

Salamu nimeiweka mwisho, usikasirike kabla hujaifikia.

Leo asubuhi, mawingu yamefunika Uluguru, niliweka spika yangu ya betri nje ya soko, nikachomeka gitaa langu, nikaanza kupiga muziki wa roki. Hatua kumi kutoka kwangu alikaa mzee mmoja na gitaa kavu, lisilo na waya wala spika. Nilimwona. Nikaongeza sauti mpaka gitaa lake likamezwa.

Watu hawakucheza, walinikodolea macho tu. Mama mmoja aliyeshusha karoti kutoka milimani akaja, akachomoa waya kwenye spika.

"We kijana, mzee huyu umemwamkia?"

Nilidhani watanivunjia gitaa.

Katika kimya kile ndipo nikamsikia mzee. Alikuwa anapiga muziki wa bluzi, polepole, akitelezesha shingo ya chupa kwenye nyuzi. Baba, zilikuwa noti zilezile nilizokuwa nazipiga mimi kwa kasi na kelele! Ndizo ulizokuwa ukipiga barazani kila Jumapili, nami nikakwambia huo ni muziki wa wagonjwa, roki haina baba. Kisha nikaondoka bila kukuamkia wala kukuaga.

Nikainama. "Shikamoo, mzee."

Hakunitazama. Alimaliza wimbo wake wote, mimi nimeinama vilevile, watu wamenizunguka. Ndipo akasema, "Marahaba. Haya, washa, tupige wote."

Baridi ya huko nyumbani Njombe naijua, funika magoti yako. Na ile salamu niliyokunyima siku ile, nakuomba uipokee.

Shikamoo, Baba.

Mwanao