Ndugu Niliowatawanya

Rockville, Maryland
Jumamosi, 7 Septemba 2024

Mpendwa dada Fathiya,

Salamu nyingi za mapenzi zikufikie hapo Chake Chake. Hujambo? Na goti lako, limetulia au bado linakunyima usingizi? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila kitambi kinaongezeka na nywele zinapungua. Ukinitazama kwa mbali utadhani ni baba yetu, Mungu amrehemu, anarudi sokoni.

Najua ukiona barua ndefu unaanza kunusa. Nusa tu. Lakini kaa kwanza, unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana: sitafika harusi ya binti yako Nuha.

Wewe watu wakikuuliza habari zangu unawaambia niko serikalini. Dada, acha kunivika joho. Kampuni yetu ni ndogo, imepewa maboksi thelathini na matatu ya karatasi za serikali kuhusu visiwa vya Pasifiki, vile ambavyo Marekani ilivisimamia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kazi yangu ni kusoma kila karatasi na kuandika jina la mtu kwenye orodha, ili anayemtafuta babu yake ajue afungue boksi gani. Ni hayo tu, na hata hayo nimeyavuruga.

Mwaka mzima niliandika kama tulivyozoea sisi. Fathiya ni Fathiya; jina la pili ni la baba yetu, nani atakutafuta kwa jina la baba? Basi watu wa visiwani nikawaandika kwa jina la kwanza na kazi zao, la pili nikaliruka, nikaona linajaza ukurasa bure. Kumbe makarani wa Kimarekani waliwapa majina ya ukoo, na maombi yote huja kwa majina hayo. Ndugu wa tumbo moja nimewatawanya, huyu kwenye A, yule kwenye T.

Utauliza, hakuna aliyekagua? Alikagua Sabine, mama wa Kirundi ninayekaa naye meza moja. Kwao kila mtoto hupewa jina lake, si lazima lifanane na la baba. Akatia tiki kurasa zote, na akanisifu. Msimamizi wetu, Wayne, akaziamini tiki za Sabine.

Tukaumbuka Agosti. Kuna bibi anaitwa Elsa, mzaliwa wa visiwa hivyo, anaishi Manassas, si mbali na huku, kwa binti yake. Aliandikiwa mara mbili kwamba baba yake, Timos Lejbar, hayumo. Mara ya tatu akaja mwenyewe. Akaomba orodha, akapitisha kidole polepole, kikasimama: Timos, mjenzi wa mitumbwi.

"Huyu ni baba yangu. Mbona mlisema hayupo?"

Sikuwa na pa kuuweka uso. Sabine akaninong'oneza, "Weye Fuad, tumefanya nini sasa?" Nikamweleza bibi ukweli wote, nikingoja kelele. Akasema hata kwao majina ya ukoo yaliletwa na wageni. Halafu akanishika mkono. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini baraza la ardhi halitanisubiri."

Maana tarehe 30 mwezi huu, huko kwao, litasikilizwa shauri la shamba la minazi alimozaliwa. Mwaka 1956 baba yake na ndugu zake watatu walitoa ushahidi mbele ya ofisa wa Kimarekani, kila mmoja karatasi yake. Zikikosekana hata moja, shamba linakwenda kwa wengine. Ya baba tumeipata. Ami zake, Elsa aliwajua kwa majina ya utani ya nyumbani tu. Kwa hiyo orodha yangu haimfai kitu. Lazima karatasi zisomwe upya, moja moja, kumtafuta kila Lejbar.

Wayne alisema tutarekebisha Desemba. Nikamwambia Desemba shamba litakuwa la mtu mwingine. Akakubali niyarudie maboksi sasa, mradi nifute likizo. Nikaifuta palepale, dada, na sijajuta, ingawa nakuogopa wewe kuliko Wayne.

Leo mchana tumemaliza boksi la ishirini na moja. Ami wawili tumewapata, bado mmoja. Sabine anasema huyo anatukimbia kama mimi ninavyoikimbia ngazi. Na akimbie. Mimi mzito, lakini sichoki haraka.

Mwambie Nuha mjomba wake hakumdharau. Kaka Riyadh anaondoka Alhamisi, amebeba udi, doti mbili za kanga na barua yake bibi harusi. Atasimama mahali pangu na kanzu yangu, ambayo itampwaya. Msimcheke mbele ya wakwe. Siku ya ndoa, mnapopiga vigelegele, ujue nipo mezani, glavu mkononi, namtafuta mtu mmoja. Sitoki mpaka nimpate.

Nisalimie bi Salme na majirani wote, na bwana harusi mwambie namwonea huruma kwa mama mkwe aliyempata. Mola awape watoto nyumba ya masikilizano, na wewe akupe afya ya kucheza siku hiyo.

Wako anayekupenda hata ukinuna,

Fuad