Mbege ya Kukuaga

Kibosho, Juni 1968

Baba Avelina,

Tuko salama, ila mvua imezidi. Nimesoma katika barua yako kwamba ujenzi huko kwenye shamba la miwa Morogoro unakwenda vizuri. Mwanao Avelina ameota meno mawili. Baba yako bado anawasimulia wageni jinsi alivyokutemea mate ya baraka siku ukoo ulipokunywa pombe ya mbege ya kukuaga.

Juzi yule wakala aliyekuandika kazi alikuja kutafuta waashi wengine. Nikamuuliza habari zako. Akasema mwenye shamba alifuta mkataba kabla hamjapanda gari, nawe uligombana na yeye wakala ofisini kwake mpaka ukatolewa nje. Eti yeye hana kosa! Nilimfukuza kwa mwiko.

Jumamosi nikashuka sokoni Kiborloni. Nilikuona umebeba mikungu ya watu, ukajifunika uso kwa gunia.

Mbege ile imeshanywewa, Baba Avelina. Hakuna atakayekudai. Ukuta wa chumba chetu umepasuka, nami sitaki fundi mwingine.

Barua hii siipeleki posta. Epifania anayeuza ndizi hapo sokoni atakupa mkononi.

Mkeo Digna, niliyepita bila kukuita.