Vizibo Visivyolainishwa

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Nimechemsha vyombo. Wagonjwa ishirini na wawili. Daktari wetu kijana anaziba meno haraka, wanakwenda zao. Kule Mbeya, miaka tisa niliyohudumu kliniki ya meno, kila aliyezibwa alirudi kesho yake, kizibo kikishakauka, kikasuguliwa mpaka kikalainika. Hapa Iringa hakuna. Nilimuuliza. Foleni, anasema.

Jumatano, 6 Agosti
Kaja mama muuza nyanya wa Ilula. Alizibwa hapahapa mwezi wa nne tu. Jino limeoza pembeni mwa kizibo. Utando wa vijidudu umeng'ang'ania penye mikwaruzo ya kizibo kama masizi kwenye sufuria. Daktari kamlaumu hapigi mswaki. Anapiga! Meno mengine safi kabisa. Limeng'olewa. Nimekasirika.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimewaambia watano waliozibwa leo warudi kesho kulainishiwa. Daktari kasikia.
"Mama Tumaini, wewe mhudumu au daktari? Nitakupeleka kufua mashuka."
"Kufua najua, mwanangu. Kumdanganya mgonjwa ndiyo sijui."
Manesi walicheka chini kwa chini. Nimemwomba Mungu anipe upole. Bado hajanipa.

Ijumaa, 8 Agosti
Wamerudi wote watano. Daktari kakataa, kaniita ndani, kafunga mlango. Nikachukua ile dawa ya zambarau ya vidonda. Nikapaka meno yangu mawili yaliyozibwa: la kulia, lililolainishwa Mbeya, na la kushoto, lililozibwa na yeye mwezi wa sita. Nikasukutua, nikaachama mbele yake. La Mbeya linang'aa. La kwake zambarau tupu, maana rangi hushika pale vijidudu walipojishikiza. Kaangalia la kulia, kisha la kushoto. Mate yananitiririka kidevuni, sikuona haya hata kidogo.
"Kaa kwenye kiti, mama," akasema.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetoka ibadani. Mvua ya manyunyu. Juzi alinilainishia mimi kwanza, kisha wale watano. Radhi hakuomba. Nesi kaambiwa kila anayezibwa arudi kesho yake. Barua ya kuhamia kufulia nilipewa jioni ileile. Naanza kesho. Sawa tu, Bwana anajua. Napitisha ulimi juu ya jino la kushoto. Haukwami popote.