Asali Niliyoikataa

Jumanne, Shinyanga

Kumbe sina kisukari! Mwaka mzima naogopa hata ndizi mbivu.

Wiki iliyopita daktari mgeni aliniuliza kama kuna dawa ninazomeza, nikasema hakuna. Vile vidonge vya vitamini C ninavyotafuna kutwa kama peremende, nani angeviita dawa? Akaniambia niviache kwanza. Leo mkojo umepimwa tena, hauna sukari. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vinabadili rangi ya kile kipimo cha kuchemsha mkojo, ikaonekana nina sukari.

Sikufurahi.

Katikati ya mwaka huo wa hofu, mama alikuja kutoka Ushirombo na kibuyu cha asali. "Onja hata kwa kidole, mwanangu." Nikamkaripia, akarudi nacho. Tumemzika mwezi uliopita.

Jioni hii mke wangu amenitilia sukari kwenye chai. Imepoa mezani.

Alichoomba mama ni kidole kimoja tu.