Tawi la Mpera Bandani

Kasoli, 5 Agosti 2024

Mjukuu wangu Elina,

Mwangaluka. Mimi mzima, goti tu ndilo linaninung'unikia. Huko Maswa kwenye ushonaji unakula? Usinidanganye, nakujua.

Anaandika mdogo wako Minza, nami nimemkalia ubavuni asije akalainisha maneno yangu. Simu sitaki. Jirani yetu Kwandu ana masikio marefu kuliko ya huyu sungura wako.

Na barua hii inamhusu huyo Kwandu. Anamtaka Kijivu. Nguzo ya banda inachongwa, unga wa mti uko chini, kila siku shimo linaongezeka. Anatoboa kidogo kidogo amtoe. Juzi nimekuta tawi la mpera ndani. Mpera hapa kwetu anao yeye tu. Nani anamwekea sungura tawi kama si mtu wa dawa? Nimelichoma. Kijivu naye anakonda, ugali anauacha, mate yanamtoka. Uliniachia mzima, nitakurudishia mzima.

Hata kaa la moto siombi tena kwake, nanunua kiberiti. Jumapili namshtaki kwa mwenyekiti.

Bibi yako

---

Maswa, 9 Agosti 2024

Shikamoo bibi,

Mimi sijambo, nakula. Pole na goti.

Bibi, nakuomba usiende kwa mwenyekiti. Kwanza uchungulie: nguzo imechongwa kwa nje au kwa ndani? Meno ya sungura hayaachi kuota mpaka anakufa. Kutafuna ndiko kunayapunguza. Ugali ni laini, hauyasagi; yakirefuka yanamchoma mdomoni. Kosa langu, sikukuambia.

Majani makavu yawepo bandani kila saa, na vijiti vya mpera. Mabua ya pamba usimpe kabisa, yamepigwa dawa ya wadudu. Na koleo la babu liache ukutani, ukiyakata nalo meno yatapasuka. Mpeleke kwa afisa mifugo.

Bibi, siku tunamzika mama, ni Kwandu aliyenibeba mgongoni.

Mjukuu wako

---

Kasoli, 17 Agosti 2024

Elina wangu,

Mwangaluka. Goti lile lile.

Kondakta wa basi alikaa na barua yako mpaka Jumatatu. Jumapili ilikuwa imeshapita. Nilisema yote mbele ya watu. Kwandu alijifunga kanga akaondoka.

Jumatatu nikalala kifudifudi bandani. Alama ziko kwa ndani, mbili mbili, za meno. Nilibaki nimelala pale.

Afisa mifugo kayasaga meno. Akasema kama ulivyosema, majani makavu na vijiti. Majani ninayo. Vijiti nikamtuma Minza kwa Kwandu, akakataa kwenda. "Mdomo uliotukana si wangu, bibi." Andika, Minza, usiruke.

Nikaenda mwenyewe. Kwandu alikuwa anapepeta mpunga, akaniita kwa jina la marehemu mama yako bila kuinua uso.

"Mama Felisita, nilimwona anatafuna nguzo, nikamhurumia. Wewe ukachoma tawi langu."

"Nilichoma. Nimekukosea."

Akapepeta mpaka ungo ukaisha. Kisha akakata matawi, kwapa zima, akanitupia.

"Kayaoshe. Usije ukasema yana sumu."

Sikuyaosha. Nilikwenda nikamchukua Kijivu, nikarudi naye, nikamlisha palepale mlangoni kwake. Alitafuna, na Kwandu amesimama anamtazama mpaka kijiti cha mwisho.

Ndipo akaniuliza kama jikoni kwangu kuna moto.

Nikasema hakuna. Kiberiti kilikuwa mfukoni.

Bibi yako