Kabati la Babu Yako

Mume wangu Masanja,

Marahaba. Mimi bibi yako mzima, mama yako yuko shambani, na hapa Nyahanga mvua imetukumbuka. Lakini mume gani wewe! Barua ya tatu hii unaniuliza lile lile: ununue mashine ya gemu kwa kuwa inapiga na sidii, au deki ya sidii peke yake. Huko Geita hakuna watu wa kuuliza?

Haya, sikia. Mwaka niliomzaa mama yako, babu yako aliuza pamba akaenda Kahama mjini kununua gramafoni. Akarudi na kabati lililobebwa na wanaume wanne, ndani lina gramafoni na redio. "Vitu viwili kwa mpigo!" akajigamba. Gramafoni ikakwama hata hatujapalilia. Fundi akaondoka na kabati zima, tukakosa nyimbo, tukakosa na taarifa ya habari, mpaka mavuno. Jirani yetu Mama Shija alikuwa na gramafoni tupu ya kuzungusha kwa mkono. Kila jioni babu yako alibeba kigoda changu akaenda kusikiliza kwake, nami nyuma nimenuna.

"Usiniulize kitu," akasema.

Kabati lilirudi bila kupona. Liko hapa sebuleni, kuku anaatamia humo.

Basi nunua utakacho. Ukishindwa kabisa kuchagua, niandikie tu hiyo mashine ya gemu ina ukubwa gani. Nina kuku mwingine anatafuta pa kutagia.

Mkeo asiye na meno,
Bibi